Kuandaa Utumbo kwa Kipimo cha Kamera: Mwongozo kwa Msafiri wa Kilwa na Lindi

Daktari akikuandikia kipimo cha utumbo mpana kwa kamera, ambacho wataalamu hukiita kolonoskopi, jua kwamba nusu ya kazi umeachiwa wewe. Yeye atapitisha mpira mwembamba wenye taa na kamera kwa njia ya haja kubwa, aufikishe mpaka mwanzo wa utumbo mpana, kiasi cha mita 1.5, huku akitazama kuta zake kwenye skrini. Lakini ataona pale tu ulipopasafisha. Kinyesi kidogo kilichosalia kinaweza kufunika kinyama cha milimita 5, na huenda kinyama hicho ndicho kinachotafutwa.

Vinyama hivyo huota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo. Vingi havina neno, ila baadhi, vikiachwa miaka 10 au zaidi, hugeuka saratani. Mwaka 1969, huko New York, madaktari William Wolff na Hiromi Shinya walianza kuvikata kwa kupitia mpira huo huo wa kamera, bila kumpasua mtu tumbo. Ndiyo maana kipimo hiki kina thamani kubwa: kinaweza kuona na kutibu kwa wakati mmoja.

Pwani yetu tumezoea kusema kila damu inayotoka na choo ni bawasiri. Mara nyingi ni kweli. Lakini damu inayojirudia, choo kilichobadilika tabia kwa wiki kadhaa, kukonda bila sababu au upungufu wa damu usioelezeka si mambo ya kuyakalia nyumbani kwa aibu. Daktari akiona unahitaji kamera, kubali, kisha jiandae ipasavyo.

Kwa anayeishi Upanga, Dar es Salaam, maandalizi ni dawa na choo tu. Kwa mtu wa Kilwa Masoko, Kivinje, Somanga, Mchinga au Lindi mjini, kuna jambo la tatu, nalo ni njia. Kwa wengi wetu safari ya kipimo hiki huishia Dar es Salaam, na dawa ya kusafisha utumbo haipatani kabisa na basi. Kwa hiyo neno langu kubwa kwako ni hili: fika kwanza, ndipo unywe dawa. Mengine yote hesabu kwa kurudi nyuma, kuanzia saa ya kipimo.

Kabla hujakata tiketi

Anzia kituo ulichozoea. Kutoka zahanati utapelekwa hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sokoine, Lindi. Hapo uliza kama kipimo kinapatikana karibu, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, Mtwara, au kama itakubidi kwenda Muhimbili au hospitali nyingine ya Dar es Salaam. Ukiwa na bima, uliza mapema inalipia nini: kipimo, dawa ya kusafisha utumbo, na uchunguzi wa vipande vya nyama iwapo vitachukuliwa. Chukua barua ya rufaa na majibu yote ya vipimo vya nyuma.

Usiondoke bila kupata mambo manne kwa maandishi: tarehe na saa ya kipimo, jina la dawa utakayokunywa, namna ya kuichanganya, na namba ya simu ya kitengo. Uliza pia dawa inapatikana wapi. Usibahatishe kuitafuta jioni ile ile unayotakiwa kuianza.

Kisha mweleze daktari hali yako bila kuficha:

- Vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma kwa kawaida huachwa siku 5 hadi 7 kabla. Hufanya choo kiwe cheusi na kigande kwenye ukuta wa utumbo.
- Kisukari. Ukimeza glibenklamidi au ukichoma insulini kama ilivyo siku zote huku huli, sukari inaweza kushuka vibaya. Omba uandikiwe dozi ya kila siku, kuanzia siku ya vinywaji tu, yaani siku moja kabla, hadi siku ya kamera.
- Dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini na klopidogreli. Usiziache kwa uamuzi wako, wala usiendelee nazo kimya kimya. Wengine huambiwa wasimamishe, wengine waendelee, na anayejua ni daktari aliyekupa.
- Dawa za presha kwa kawaida humezwa hata asubuhi ya kipimo, kwa funda dogo la maji. Zile za kukojoza ziulizie, kwa sababu siku hiyo mwili unapoteza maji mengi.
- Dawa za kila siku zisizorukwa, kama ARV, za kifafa na za kifua kikuu. Zipangie saa. Kidonge ukikimeza ndani ya saa 1 ya kunywa dawa ya kuharisha kinaweza kupita bila mwili kukifyonza.
- Vidonge vya uzazi wa mpango navyo hupungua nguvu kwa kuharisha, hivyo tumia kinga nyingine kwa siku 7.
- Ujauzito, ugonjwa wa figo, ugonjwa wa moyo, tumbo lililowahi kupasuliwa, tabia ya kufunga choo. Kila kimoja kati ya hivi kinaweza kubadilisha aina ya dawa au kiasi chake.

Na kama tumbo limejaa, linauma, na hupitishi choo wala upepo, usinywe dawa yoyote ya kuharisha. Huenda utumbo umeziba. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Hesabu siku kwa kurudi nyuma

Tuseme kipimo ni Jumatano saa 4 asubuhi. Saa 2 asubuhi ndiyo mwisho wa kunywa kitu chochote, isipokuwa hospitali yako ikitaja muda mrefu zaidi. Dozi ya pili ya dawa itaanza saa 11 alfajiri ya Jumatano. Dozi ya kwanza itaanza saa 12 jioni ya Jumanne. Jumanne yote ni ya vinywaji tu. Kwa hiyo safari ni Jumatatu, isiwe Jumanne kamwe. Vyakula laini vinaanza Jumapili. Mbegu, korosho na vidonge vya chuma unaviaga wiki nzima kabla.

Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni kilomita 300 hivi, kutoka Lindi mjini ni 450 hivi. Barabara yetu ikiwa nzima ni safari ya siku moja. Lakini haiwi nzima siku zote. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yaliikata eneo la Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Wakati wa masika, ongeza siku. Anayetoka Songosongo au Kilwa Kisiwani ahesabu na bahari pia, maana kusi likivuma kwa nguvu mashua hazimsubiri mgonjwa wala miadi yake.

Nakuambia haya kwa uchungu. Mjomba wangu mmoja wa Kivinje aliambiwa kwa simu aanze dawa jioni na afike hospitali kesho yake. Hakuna aliyemuuliza anaishi wapi. Akanywa nusu ya kwanza nyumbani, alfajiri akapanda basi. Kabla ya kufika Somanga akamwomba dereva asimame. Akamwomba tena kabla ya daraja la Mkapa. Mzee wa watu, aliyezoea kuheshimiwa, alishuka mara mbili porini huku abiria wakimsubiri, na nusu ya pili hakuigusa. Alipofika, kamera ilishindwa kuona. Akarudi Kivinje, akakopa nauli upya, na ikabidi aanze yote mwanzo baada ya wiki tatu. Hakuwa na kosa. Alikosa mtu wa kumfanyia hesabu.

Ukifika Dar es Salaam, fikia mahali penye choo cha karibu. Ukikaa kwa ndugu Mbagala au Temeke kwenye nyumba ya wapangaji wengi, sema mapema: "Shangazi, kesho jioni nitahitaji choo usiku kucha." Usione haya. Kusema mapema kuna staha zaidi kuliko kugombania mlango saa 5 usiku. Kama choo ni cha foleni, bora kulala usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni yenye choo ndani. Angalia pia umbali wa hospitali, kwa sababu asubuhi ya kipimo foleni ya magari kutoka Mbagala inaweza kula saa nzima na zaidi.

Nenda na mtu. Utapewa dawa ya usingizi au ya kutuliza, na hutaruhusiwa kuondoka peke yako.

Chakula: siku tatu za mwisho

Lengo ni kula vyakula visivyoacha makapi. Kwetu hapa ndipo penye mtihani, maana Lindi ni nchi ya ufuta na korosho, na vyote viwili ni adui wa kamera. Chembe ya ufuta haisagiki yote. Huganda kwenye mikunjo ya utumbo, na inaweza kuziba njia ya kunyonyea maji iliyo ndani ya mpira wa kamera. Basi acha ufuta, korosho, karanga na kashata zake tangu wiki nzima kabla. Wauzaji wakikusogezea korosho dirishani mwa basi, nunua ukitaka, lakini ziwe za mwenyeji wako.

Acha pia:

- maharage, kunde, mbaazi na choroko;
- kisamvu, matembele, mchicha na mboga nyingine za majani;
- muhogo, mahindi ya kuchoma, ugali wa dona na uji wa ulezi;
- matunda ya mbegu na nyuzi: mapera, pasheni, tikiti, machungwa, na embe za nyuzi hasa;
- nazi iliyokunwa na machicha yake;
- dagaa wanaoliwa na miba, na pweza, ambaye ni mgumu kusagika;
- pilau yenye bizari nzima, iliki na pilipili manga.

Unaweza kula wali mweupe, ugali wa sembe, mkate mweupe, chapati, viazi mbatata vilivyomenywa, mayai, kuku bila ngozi, na samaki. Kwenye samaki tumebarikiwa: changu au kolekole wa kuchemsha au kuchoma, aliyetolewa miba vizuri, ni chakula bora kabisa cha siku hizi. Mchuzi uchujwe, nyanya na vitunguu vibaki kwenye chujio. Ndizi mbivu hazina neno. Ndani ya basi, mayai ya kuchemsha na mkate vinatosha.

Kula kiasi, na kunywa maji mengi kuliko kawaida. Mtu aliyefika na maji mwilini huistahimili dawa. Aliyefika mkavu baada ya jua la safari huishia na kizunguzungu.

Siku moja kabla: vinywaji tu

Hospitali nyingine huruhusu kifungua kinywa chepesi siku hii, nyingine hazitaki chakula kabisa. Fuata karatasi uliyopewa. Usipoambiwa lolote, shika kanuni ya kioo: mimina kinywaji kwenye bilauri ya kioo, na kama huoni upande wa pili, usinywe.

Vinavyofaa ni maji, chai ya rangi, kahawa chungu bila kashata, maji ya dafu yaliyochujwa, supu ya samaki au kuku iliyochujwa mpaka ikabaki maji matupu, soda zisizo na rangi nzito, na ORS. Kahawa inapita japo ni nyeusi, kwa sababu haina makapi wala maziwa. Visivyofaa ni maziwa, uji, togwa, juisi ya embe au ukwaju, na mtindi. Epuka kila chenye rangi nyekundu au zambarau, ukiwemo ubuyu na choya, kwa sababu daktari anaweza kudhani ni damu.

Weka na vinywaji vyenye sukari na chumvi kidogo. Maji matupu peke yake, lita baada ya lita, huchuja chumvi mwilini na kumletea mtu kichwa kuuma na kuchanganyikiwa. Chai ya rangi yenye sukari, supu na ORS huziba pengo hilo. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza kuhusu maji ya dafu na ORS, kwa kuwa vina madini ya potasiamu.

Kama miadi imeangukia Ramadhani, omba ihamishwe ikiwa si ya haraka. Daktari akisema haingoji, zungumza na shehe wako. Mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Usijaribu kufunga mchana ukanywa dawa yote baada ya magharibi. Hutaweza kuimaliza vizuri, na mwili utaanza ukiwa mkavu.

Dawa yenyewe

Wazee wetu walikuwa na mbarika, sanamaki na chumvi ya haluli kwa tumbo lililofunga. Hizo zina mahali pake, lakini si hapa. Kuharisha sana si kusafika. Mtu anaweza kushinda chooni kutwa nzima na utumbo wake bado ukabaki na tope ukutani. Usiongeze dawa yoyote ya asili juu ya dawa ya hospitali, wala usiibadilishe kwa hiyo. Na kupigwa bomba la maji kwa njia ya haja husafisha sehemu ya mwisho tu. Huko juu hakufiki.

Dawa inayotumika sana ni unga wa makrogoli, yaani polietilini glaikoli, wenye chumvichumvi ndani yake. Mchanganyiko huu ulitolewa na watafiti wa Dallas, Marekani, mwaka 1980, na siri yake ni mizani. Chembe zake ni kubwa, utumbo hauwezi kuzifyonza, kwa hiyo hushika maji na kuyapitisha moja kwa moja yakiosha njia nzima. Chumvi zilizomo zimepimwa ili mwili usipoteze wala usiongeze. Ndiyo maana unaambiwa lita 1 iwe lita 1. Ukipunguza maji ili ipungue kunywa, au ukitia sukari na chumvi yako, umeivunja mizani hiyo.

Pengine utapewa pia vidonge vya bisakodili, vinavyousukuma utumbo kufanya kazi. Vimeze vizima, usivitafune, na usivimeze pamoja na maziwa. Wengine hupewa pikosalfeti ya sodiamu yenye magnesiamu, ambayo ni ya maji kidogo. Hiyo inahitaji vinywaji vingi juu yake, na haiwafai wenye figo dhaifu. Dawa ya kunywa ya fosfeti ya sodiamu ikatae mpaka daktari akueleze kwa nini umepewa. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba inaweza kuharibu figo. Na manitoli haifai pale ambapo kinyama kinaweza kukatwa kwa umeme, kwa sababu utumboni huzaa gesi inayoweza kulipuka.

Namna ya kunywa

Changanya asubuhi, uweke kwenye friji au kwenye ndoo ya barafu. Ikiwa baridi hunyweka vizuri zaidi. Maji yawe ya chupa, au yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai.

Kabla hujaanza, andaa uwanja: ndoo na kopo la maji tele, sabuni, kanga au kikoi ambacho ni rahisi kuvua, ndala zisizoteleza, taa au tochi kwa sababu umeme unaweza kukatika, na mafuta ya mgando. Jipake mafuta hayo kwenye njia ya haja kabla ya mara ya kwanza, uendelee kujipaka kila baada ya kuchamba. Mila yetu ya kuchamba kwa maji inasaidia sana siku hii. Karatasi huchubua, maji hayachubui. Jikaushe kwa kugusagusa, usisugue.

Saa 12 jioni anza. Kunywa bilauri moja, mililita 250 hivi, kila dakika 10 hadi 15, mpaka nusu ya dawa iishe. Kwa dawa ya lita 4 ni lita 2, kwa ile ya lita 2 ni lita 1. Inywe kwa mkupuo. Ukiinywa kidogo kidogo, ladha inakaa mdomoni na kuchosha. Kati ya bilauri na bilauri nyonya kipande cha ndimu. Tembeatembea uani, tumbo lipate kufunguka.

Wengi huanza kwenda chooni ndani ya saa 1, lakini wengine huchelewa hadi saa 3. Usihangaike. Kichefuchefu kikikubana, pumzika nusu saa, kisha endelea taratibu. Ukitapika mara moja, pumzika vivyo hivyo. Ukitapika kila unachokunywa, piga simu. Tumbo kujaa na kubana kidogo ni kawaida, na hupungua choo kinapofunguka.

Mawimbi ya kwanza yakipita, utapata nafasi ya kulala. Lala. Weka kengele ya saa 11 kasorobo, hata kama msikiti uko jirani.

Saa 11 alfajiri anza nusu ya pili. Hapa ndipo wengi huharibu. Wanaona wameharisha vya kutosha usiku, wanasema yatosha, wanaiacha. Lakini usiku kucha utumbo mwembamba unaendelea kumwaga majimaji ya manjano yenye nyongo, nayo hugandia upande wa kulia wa utumbo mpana. Nusu ya pili ndiyo inayoondoa ganda hilo. Hii ndiyo sababu madaktari wa leo wanapendelea dawa igawanywe mara mbili, nusu ya pili ianze saa 4 hadi 6 kabla ya kipimo na iishe angalau saa 2 kabla yake. Kipimo kikiwa cha alasiri, unaweza kuambiwa unywe dawa yote asubuhi ya siku ile. Kuhusu udhu na swala wakati unaharisha, muulize shehe wako kabla ya siku yenyewe, ili usihangaike na mawili kwa pamoja.

Utajuaje kama umesafika

Tazama unachotoa. Hilo halina aibu, na ndilo kipimo chako pekee. Mwanzoni ni choo cha kawaida, kisha uji wa kahawia, kisha maji ya kahawia yenye vipande, kisha maji machafu kama ya mto baada ya mvua. Mwisho yanatoka maji ya manjano mepesi kama chai ya mkandaa iliyozimuliwa sana au kama mkojo, unayoweza kuona chini ya choo. Hapo umefika. Uzi mdogo mmoja mmoja hauna neno.

Kama dawa imeisha na bado unatoa kahawia au vipande, piga simu kitengoni kabla ya kuondoka, au ufike mapema na uwaambie mlangoni. Pengine wataongeza dawa au watasogeza saa. Usinyamaze ukitumaini kamera itapita tu. Daktari hutoa alama kwa kila sehemu ya utumbo, kuanzia 0 kwa utumbo uliojaa kinyesi hadi 3 kwa uliosafika kabisa, na sehemu zote tatu zinapaswa kupata angalau 2. Ukificha, alama itakuumbua, na wewe ndiye utakayelipa nauli ya pili.

Dalili za kusimamisha dawa

Acha kunywa na uende hospitali iliyo karibu, hata kama ni usiku, ukipata mojawapo ya hizi:

- maumivu makali ya tumbo yasiyopungua hata ukienda haja;
- tumbo kuvimba na kuwa gumu bila choo wala upepo kutoka;
- kutapika mfululizo;
- kuzimia, kuchanganyikiwa, au moyo kwenda mbio usiotulia;
- damu nyingi kwenye choo;
- kwa mwenye kisukari, kutetemeka na jasho jembamba visivyoisha baada ya kunywa kitu cha sukari.

Mzee wa miaka 70 na kuendelea asiachwe peke yake usiku huu. Kizunguzungu cha saa 8 usiku kwenye sakafu ya choo iliyolowa huvunja nyonga.

Siku ya kipimo na baada yake

Vaa nguo nyepesi, beba nguo ya ndani ya akiba na kanga ya kujifunika. Bakisha orodha ya dawa zako mfukoni mwa uliyefuatana naye. Mwambie muuguzi saa halisi uliyokunywa kitu cha mwisho, hata kama ulichelewa, kwa sababu usalama wa dawa ya usingizi unategemea jibu hilo.

Kipimo chenyewe mara nyingi huchukua dakika 20 hadi 45. Ukiamka tumbo litakuwa limejaa hewa. Iachie itoke, kila mtu pale anajua. Anza na chai na chakula laini. Kwa saa 24 usiendeshe bodaboda wala gari, usitie saini jambo zito, na usipande basi la Lindi jioni hiyo. Kama kipimo kilikuwa Jumatano, Alhamisi pumzika, Ijumaa rudi. Ukikatwa kinyama, muulize daktari siku ngapi ukae karibu, kwa kuwa damu inaweza kutoka hata baada ya wiki mbili. Maumivu makali, homa au damu nyingi ukiwa umesharudi Kilwa ni safari ya hospitali ya wilaya bila kungoja, na barua ya kipimo mkononi.

Usiondoke bila ripoti iliyoandikwa. Uliza mambo mawili: kimeonekana nini, na nirudi lini. Kwenye nchi zenye utaratibu wa kuwachunguza watu wote, asiye na hatari ya pekee, ambaye utumbo wake ulikuwa safi na haukuonekana na kitu, huambiwa arudi baada ya miaka 10. Yule ambaye utumbo wake haukusafika huambiwa arudi ndani ya mwaka 1, hata kama hakuna kilichoonekana, kwa sababu jibu lake haliwezi kuaminiwa. Wote wawili wameonja dawa ile ile na kukosa usingizi ule ule. Kilichowatenganisha ni zile bilauri za alfajiri.